Mvua ya Mbali Ndiyo Inayoua Korongoni

Mtu anayetaka kuteremka korongo la nchi kavu hutazama juu kwanza. Akiona jua kali na anga jeupe, huingia bila wasiwasi. Kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu maji yanayoua watu korongoni mara nyingi hutokana na mvua iliyonyesha kwingine. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa ndani ya Lower Antelope Canyon, karibu na mji wa Page katika jimbo la Arizona, Marekani. Mahali walipokuwa mvua ilikuwa haba. Dhoruba ilipiga kilomita kadhaa upande wa juu, maji yakajikusanya katika kijito ambacho siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu, kisha yakateremka kwa kishindo kuelekea Ziwa Powell na kuwakuta katikati ya kuta za mawe. Ngazi za mbao zilisombwa. Miili ya wawili kati yao haikupatikana.

Picha za korongo hilo huenda umeziona, maana zimeenea duniani kote: mwamba wa mchanga wenye rangi ya chungwa, umelainishwa na kupindwa kama shuka iliyokunjamana, na njia nyembamba ambayo mahali pengine mtu mnene hupita kwa ubavu. Kilichochonga uzuri huo ni mafuriko yaleyale. Jangwani miamba iko wazi, udongo umeungua kwa jua na majani ni ya kuhesabu, kwa hiyo mvua kubwa ya muda mfupi haipati pa kunywewa. Yote hukimbilia bondeni. Ikifika penye mlango mwembamba haina nafasi ya kutanuka, basi hupanda juu, ikiwa imebeba tope, magogo na mawe. Anayesema mafuriko ya korongoni ni ajali isiyotabirika hajauangalia vizuri ukuta aliouegemea apigwe picha.

Wala jambo hili si la Marekani peke yake. Korongo la Ol Njorowa, katika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, hupendwa sana na Wakenya kwa kuwa mbuga hiyo ni miongoni mwa chache zinazoruhusu watu kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Aprili 2012, watu saba waliokuwa katika msafara wa vijana wa kanisa walisombwa humo. Septemba 2019 wakafa wengine saba, akiwemo mwongozaji wa watalii wa hapohapo, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likalifunga korongo.

Kutokana na vifo hivyo, hoja yangu ni kwamba uamuzi wa kuingia au kutoingia haupaswi kuachiwa mgeni, hata akiwa hodari na amepewa taarifa zote. Mfano mchungu zaidi ni wa Septemba 2015 katika hifadhi ya Zion, jimbo la Utah. Watu saba walichukua kibali asubuhi na kuelezwa kwamba siku hiyo mafuriko ya ghafla yalitarajiwa. Utaratibu wa hifadhi uliwaachia wenyewe waamue. Waliingia Keyhole Canyon na wote saba wakafa. Onyo walikuwa nalo. Aliyekosekana ni mwenye mamlaka ya kusema leo hapaingiwi. Katika hifadhi hiyohiyo, njia ya Narrows hufungwa onyo rasmi la mafuriko likitolewa, na haifunguliwi mpaka zipite angalau saa mbili baada ya onyo kuondolewa. Hapo mgeni haulizwi maoni yake.

Wapo watakaosema mwongozaji anatosha. Hatoshi. Mwaka 1997 mwongozaji alikuwa pamoja na kundi, na ndiye pekee aliyetoka hai. Mwaka 2019 mwongozaji alikufa na wageni wake. Mtu aliye chini ya ukuta haoni kinachotokea juu ya mkondo, hata kama amezaliwa kijiji cha jirani. Anahitaji mwenzake aliye juu, au redio ya hali ya hewa. Watu wa Navajo, wenye ardhi ya Antelope, walilielewa hilo: leo hakuna anayeingia bila mwongozaji, lakini pia ngazi ni za chuma zilizofungwa mwambani, na wingu likitiliwa shaka ziara huahirishwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la riziki. Korongo likifungwa, mwongozaji, mkodishaji baiskeli na muuza soda hulala bila kitu. Ni kweli, lakini dawa yake ni kubadili namna ya kulipa. Mwongozaji anayelipwa kwa kila kundi analoteremsha anashawishika kuteremka hata moyo ukisita; akilipwa mshahara wa siku kutoka kwenye kiingilio, hatapoteza kitu kwa kusema hapana. Nao wanaodai kwamba vifo ni vichache ukilinganisha na wageni wanaoingia wanasahau kwamba hapa hafi mmoja mmoja, hufa wengi kwa mkupuo, tena kwa sababu inayojulikana.

Kwa anayependa safari za gari, kanuni ni ileile. Barabara za kaskazini mwa Kenya kuelekea Ziwa Turkana hukatiza laga nyingi, mito ya msimu inayoonekana kama barabara ya mchanga. Maji ya kina cha nusu mita au zaidi kidogo yanaweza kuliburura gari kubwa. Laga ikijaa, zima injini ukiwa ng'ambo hii, usubiri. Na ukifika mlango wa korongo, kabla ya kulipa uliza: nani anaangalia mvua huko juu, na atawaarifu vipi? Wasipokuwa na jibu, usiteremke.