Kamera ya kabatini: usiifungue kabla hujauliza

Ndugu msomaji, yamkini nyumbani kwenu, juu ya kabati au chini ya kitanda cha mzee, ipo kamera ya zamani iliyohifadhiwa katika mfuko wake wa ngozi. Mwili wake ni wa chuma, ni nzito kuliko inavyoonekana, na usoni ina vidirisha viwili au vitatu vidogo juu ya lenzi. Kama ndivyo, nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: usiufungue mgongo wake. Huenda ndani mna filamu iliyokwisha kupigwa na haikupata kusafishwa. Filamu ya picha nyeusi na nyeupe yaweza kulala gizani miaka mingi na bado ikasafishika. Lakini mwanga ukiingia kwa dakika moja tu, basi, imekwisha. Na aliyepigwa picha hiyo pengine hayupo tena duniani kupigwa nyingine.

Njia ya kupeleleza ni rahisi. Tafuta kifundo cha kurudishia filamu, ambacho aghalabu kipo juu, upande wa kushoto. Kizungushe polepole kwa kufuata mshale uliochorwa. Kikikaza, filamu imo. Kikizunguka bure, yaelekea hamna. Hata hivyo, mwenye shaka na aifungulie katika chumba chenye giza totoro. Filamu ikiwamo, usilazimishe kitu chochote. Tafuta mtu anayeijua kamera ya aina hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Mtu huyo atapatikana wapi? Ujuzi wa kamera hizi umo zaidi katika vichwa na mikono ya watu kuliko vitabuni, na watu hao wametawanyika, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wenye kamera hizi katika Morogoro, na wale wa Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, wasipofahamiana, kamera zitauzwa kama vyuma chakavu na picha zilizomo zitapotea.

Kwanza tuielewe kamera yenyewe. Hii ni kamera yenye kipima-umbali. Ukitazama katika kidirisha chake cha nyuma, utaona mbele yako kitu kile kile mara mbili: sura moja iliyo wazi, na nyingine iliyofifia katika duara au mraba mdogo wa katikati. Sababu ni kwamba vidirisha viwili vya mbele vinakitazama kitu hicho kutoka mahali pawili, kama yafanyavyo macho yetu mawili. Unapoizungusha lenzi, sura iliyofifia husogea. Sura hizo mbili zikishikana na kuwa moja, lenzi imeelekezwa sawasawa kwenye umbali wa kitu hicho.

Kampuni ya Leitz ya Ujerumani iliionyesha kamera yake ndogo ya Leica huko Leipzig mwaka 1925, matokeo ya kazi ya fundi Oskar Barnack. Mwaka 1932 zikatoka Leica II na Contax ya kwanza, ambazo kipima-umbali chake kiliunganishwa na lenzi. Mwaka 1934, huko Kharkiv nchini Ukraine, jumuiya ya kuwafundisha kazi vijana waliokuwa hawana makwao ilianza kutoa FED, iliyofuata mfano wa Leica. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja Kiev, iliyotokana na mitambo ya Contax, na Zorki ya Krasnogorsk. Wajapani nao walitoa za kwao, kama Canonet ya mwaka 1961 na Yashica Electro 35 ya mwaka 1966. Baada ya Nikon F ya mwaka 1959, kamera zenye kioo ndani zilitwaa soko, na baadaye simu za mkononi zikatwaa mengine yote. Lakini mchezo haukuisha: mwaka 2022 Leica ilianza upya kuitengeneza M6, kamera yake ya filamu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1984.

Sasa tuje kwetu. Mkazi wa Morogoro amejaliwa chombo cha kupimia kamera ambacho wengi hawana, nacho hakilipiwi: Milima ya Uluguru. Asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajateremka, simama mjini uelekee kusini ukitazame kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Zungusha lenzi hadi mwisho, penye alama inayofanana na namba nane iliyolala. Alama hiyo maana yake ni mbali kusikokuwa na kikomo, na kwa kamera yako Lupanga iko huko. Tazama ukingo wa mlima unapokata anga. Zikionekana kingo mbili badala ya moja, kipima-umbali kimehama. Kisha fanya jaribio la karibu: chukua futikamba ya seremala, simamisha kijiti mita moja na nusu kutoka kwenye kamera, ukishikanishe, usome namba iliyo kwenye lenzi. Kamera iliyofaulu mlimani na kwenye kijiti yafaa kutiliwa filamu. Iliyoshindwa haijafa, aghalabu yahitaji kurekebishwa skrubu ndogo tu, lakini na mkono unaoijua skrubu hiyo.

Mlima huo huo unaotupa kipimo ndio unaotupa ugonjwa. Lugha yetu imeona mbali kuliita jina moja tu, ukungu, lile wingu linalotanda vilimani na ule uozo mweupe unaoota juu ya vitu vyenye unyevu. Katika lenzi ukungu huota kama utando wa buibui. Imulike lenzi kwa tochi kutoka upande mmoja, utauona. Mfuko wa ngozi ulio mzuri kwa safari ni nyumba mbaya ya kuishi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Itoe kamera humo, uiweke mahali pakavu penye hewa, na uitumie mara kwa mara. Ukungu ukishaota sana hula kioo chenyewe, na hapo hata fundi hana la kufanya.

Ugonjwa wa pili ni jua. Kamera nyingi za namna hii zina shata ya kitambaa, na mbele yake hakuna kioo cha kuikinga. Ukiiacha mezani lenzi ikiwa wazi na kuelekea jua la mchana, lenzi itakusanya miali kama kioo cha kuwashia moto na kukitoboa kitambaa. Kwa hiyo funika lenzi. Hapo hapo pana mtego mwingine: kidirisha cha kutazamia hakipitii katika lenzi, basi utaona kila kitu vizuri hata kama kifuniko kimo, na utapiga picha 36 za giza tupu. Aliyezoea atakufundisha kukitoa kifuniko na kukitia mfukoni kabla ya kuiinua kamera.

Ushauri wa namna hiyo hutofautiana kwa kila kamera, na ndiyo maana mwenye FED amhitaji mwenye FED. Katika FED na Zorki nyingi, usigeuze kipimo cha kasi kabla ya kuivuta filamu mbele, la sivyo waweza kuharibu mashine. Mwenye Kiev achunge vidole vya mkono wa kulia, kwani ni rahisi kukiziba kidirisha cha kipima-umbali bila kujua. Mwenye Electro 35 ajue kwamba betri ya zebaki iliyokusudiwa haitengenezwi tena. Wenzake huweka betri ndogo za siku hizi kwa kipande cha kuunganishia. Lenzi nyingi za FED na Zorki hufungwa kwa uzi wa milimita 39, hivyo majirani wawili waweza kuazimana, lakini ya Kiev haiingii hapo. Na anayeletewa Leica ya bei ya kutupa, yenye rangi ya dhahabu na nakshi za kijeshi, amwite mjuzi kabla ya kutoa fedha, kwani zipo FED na Zorki nyingi zilizochorwa jina la Leica ili kuwahadaa wanunuzi.

Kuhusu mwanga, kanuni ya wazee wa kazi hii haihitaji betri. Kwa filamu ya kipimo cha 100, jua likiwa wazi, weka kasi ya 1/125 na tundu la 16. Chini ya kivuli cha mwembe, fungua hadi tundu la 4. Ukiingia katika msitu juu ya Morningside, huenda ukalazimika kufungua hadi tundu la 2 na kushusha kasi hadi 1/30, mwili ukiegemea mti. Jua la saa sita mchana huyatia macho ya watu weusi katika giza la paji la uso. Afadhali wapige asubuhi au alasiri, au waketi barazani. Na uombe ruhusa. Mama aliyeteremka na mboga kutoka Mgeta si mandhari. Ni mtu mwenye jina na haraka zake. Hali kadhalika, anayepanda milimani akumbuke kwamba msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, basi atafute kibali kwanza.

Wapenzi wa kamera hizi wafahamianeje? Hakuhitajiki ofisi wala muhuri. Huko Marekani wapenzi wa Leica waliunda chama chao tangu mwaka 1968, lakini hata watu watatu chini ya mti wanatosha. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 huchukua chini ya saa mbili, kwa hiyo hata wa mjini mkuu wa biashara aweza kuja asubuhi na kurudi jioni. Anayejitambulisha aseme mambo matatu: kamera aliyo nayo, picha anazopenda kupiga, na shida inayomsumbua. Anayejibu aseme analolijua kwa mkono wake, na asilolijua amwachie mwingine. Mwenye Leica asimcheke mwenye FED, maana picha haina chapa ya bei usoni mwake. Filamu leo si bidhaa ya kila duka, basi waagize pamoja, wasafishe pamoja, na atakayejifunza kuchanganya dawa awafundishe wengine. Akina mama na vijana wasiachwe pembeni kushika mifuko; wapewe kamera.

Usidhani haya ni mchezo wa watu wenye nafasi. Zanzibar, Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kazi ikaendelea mikononi mwa mwanawe, Rohit. Kizazi kimoja kilikifundisha kingine, na kwa hiyo picha za mji na watu wake zilibaki na mwenyewe. Familia nyingi hazikupata bahati hiyo. Mzee hufariki, vitu hugawanywa, na kamera humwendea asiyejua. Vile vipande vya filamu vilivyosafishwa, vilivyokuwa katika kopo la maziwa, huonekana takataka na kutupwa, ingawa ndivyo vinavyoweza kutoa picha upya.

Kwa Waluguru, ambao kwa desturi yao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, picha ya bibi mzaa mama si pambo la ukutani. Ni ushahidi wa mtu alikotoka. Lakini picha isiyo na jina haisemi lolote. Mwulize mzee aliye hai leo: huyu ni nani, ni wa ukoo gani, hapa ni Matombo au Kinole, ilikuwa mwaka gani? Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kazi hii haihitaji kamera yoyote, nayo haiwezi kungoja.

Basi leo, kwa kuwa ni Jumapili na watu wapo nyumbani, itoe kamera ile kabatini. Itoe katika mfuko wake wa ngozi. Kizungushe kifundo polepole. Kikikaza, rudisha mkono nyuma, kisha anza kuulizia mtaani, kazini na kanisani au msikitini ni nani mwingine mwenye kamera kama hiyo. Kuuliza si ujinga, na huenda huyo utakayemuuliza naye amekuwa akikutafuta wewe.