Nyaya Zilizochakaa katika Pikipiki ya Chama

Chama cha msingi kinapotumia pikipiki ya zamani, umeme wake huwa ni chanzo cha gharama zisizokwisha. Taa hufifia, honi hunyamaza, fyuzi huungua, na bodi huombwa fedha za betri mpya. Mwezi wa pili taa hufifia tena. Mara nyingi betri haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika nyaya.

Nkuhungu na vijiji vinavyouzunguka mji wa Dodoma vina kiangazi kirefu. Jua hukausha mpira unaofunika waya hata ukapasuka, na vumbi la mchanga hupenya ndani ya fungu la nyaya likazisugua kama msasa kila chombo kinapotikisika. Miezi hiyo yote pikipiki hutembea bila lalamiko. Mvua za kwanza zinaponyesha, kwa kawaida mwezi wa Desemba, maji ya tope huingia katika nyufa na fyuzi huanza kuungua. Hapo watu huilaumu mvua.

Fyuzi iliyoungua imetimiza kazi yake. Kuweka mahali pake karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni kumwondoa mlinzi mlangoni: waya utapata moto chini ya tangi la petroli, na pikipiki hiyohiyo usiku hulazwa ghalani, kando ya magunia ya alizeti ya wanachama. Katibu asikubali jambo hilo hata kwa siku moja.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni shingo ya usukani. Hapo nyaya hukunjwa kila dereva anapokata kona, na shaba huweza kukatika ndani hali mpira wa nje ungali mzima. Washa taa, kisha geuza usukani kushoto na kulia. Taa ikipepesa, kosa limepatikana. Waya unaoshukiwa uvutwe taratibu: ukirefuka kama mpira, ndani yake umekatika. Baadaye zitazamwe nyaya zilizo chini ya tangi, karibu na bomba la moshi, na ndani ya madigadi ya nyuma.

Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kupitia fremu, husahauliwa kuliko zote. Kutu au rangi chini ya bolti yake huzuia umeme, na pikipiki za volti 6 huumia zaidi. Taa ya wati 35 kwa volti 6 huhitaji karibu ampea 6. Kizuizi cha omu 0.2 tu hupoteza zaidi ya volti moja, karibu sehemu ya tano ya nguvu yote ya betri. Kwa volti 12 kizuizi hichohicho hupoteza kama sehemu ya ishirini. Basi kabla ya kununua chochote, bolti hiyo ifunguliwe, chuma kisuguliwe kwa msasa mpaka king'ae, ikazwe tena.

Fundi asifuate rangi za nyaya kwa mazoea. Katika Honda ethi ni kijani. Katika Yamaha ni nyeusi, na nyeusi ya Honda hubeba umeme ufunguo unapofunguliwa. Aliyezoea moja akaifungua nyingine aweza kuunguza wayaringi nzima.

Kazi ianze kwa kutoa waya hasi wa betri, nao urudishwe mwisho. Spana ikigusa fremu wakati wa kufungua chanya, cheche hazitatokea. Kipande kibovu kikatwe mpaka shaba safi ionekane, kiungwe waya wenye unene uleule, kitiwe lehemu, ndipo kifunikwe. Kusokota kwa vidole na kufunga utepe ni kazi ya kumfikisha mtu nyumbani tu. Maungo mawili yasikae sambamba, wala ungo lolote lisiwekwe shingoni mwa usukani; hapo waya ubadilishwe mzima.

Ghala lenye nafaka lina panya, nao hutafuna nyaya. Pikipiki iliyokwisha kutengenezwa itafutiwe kibanda chake nje.