Kutoka Kooni hadi Moyoni: Homa ya Baridi Yabisi na Madhara Yake kwa Vali za Moyo, kwa Kurejelea Wilaya za Mbulu na Hanang

Kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, baridi yabisi ni maumivu ya viungo yanayowasumbua wazee. Katika nyanda za juu za Mbulu, ambako baridi ya Juni na Julai haihitaji kusimuliwa, jina hilo hukubalika bila maswali. Hata hivyo, homa ya baridi yabisi haisababishwi na baridi, wala si ugonjwa wa wazee. Huwapata zaidi watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 15, na chanzo chake ni bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A, anayeambukiza koo. Mkanganyiko huu wa jina si jambo dogo. Mtoto anayelalamikia goti anaweza kufunikwa blanketi na kupewa dawa ya maumivu, ilhali moyo wake umekwisha kuanza kudhurika.

Ikumbukwe kwamba katika ugonjwa huu bakteria mwenyewe haingii moyoni. Kwenye uso wake ana protini iitwayo M, ambayo sehemu zake zinafanana na protini za moyo wa binadamu. Kingamwili na chembe za kinga zilizoandaliwa kumshambulia bakteria hugeukia tishu za mwili wenyewe, kwa kawaida wiki 2 hadi 3 baada ya koo kuuma, wakati ambapo wazazi wamekwisha kusahau kwamba mtoto aliugua. Maumivu ya viungo hupona bila kuacha alama. Vali za moyo hazina bahati hiyo. Vali ya mitrali, mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, huvimba, hupata kovu, na kingo zake hushikana au hushindwa kufunga. Damu hurudi nyuma kuelekea mapafuni, na mgonjwa huhema akipanda mlima aliokuwa akiupanda kila siku. Chumba cha juu kikitanuka, mapigo huvurugika na mabonge ya damu hujijenga. Hapo ndipo kijana hupata kiharusi.

Njia nyingine za bakteria kuudhuru moyo zipo. Bakteria wa kinywani wanaweza kuota juu ya vali iliyokwisha kuharibika, na kifua kikuu huweza kujaza maji kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Hata hivyo, mlango mkuu unabaki kuwa koo.

Hapa inajitokeza desturi ya kukata kimeo, inayojulikana katika sehemu nyingi za Tanzania. Mtoto mwenye kikohozi au koo linalouma hupelekwa kwa mkataji, naye kimeo huondolewa. Bakteria hubaki kooni, na jeraha jipya huongezwa. Sindano moja ya penisilini ingelimaliza tatizo.

Utambuzi nao una ugumu wake. Vigezo vilivyopendekezwa na daktari wa Marekani, T. Duckett Jones, mwaka 1944 vilirekebishwa mwaka 2015, na kwa jamii zenye hatari kubwa uvimbe wa kiungo kimoja tu sasa huhesabiwa kuwa dalili kuu. Badiliko hili lina uzito kwa tabibu wa zahanati kuliko kwa bingwa, kwa kuwa yeye ndiye anayeliona goti hilo kwanza.

Mtoto aliyekwisha kuugua hupewa sindano ya penisilini ya kudumu kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Aliyegunduliwa akiwa na miaka 9 na kutakiwa kuendelea hadi miaka 21 atahitaji sindano zisizopungua 150. Kwa familia ya wafugaji wa Kidatoga inayohamisha mifugo kiangazi, ratiba hiyo si ya kitabibu pekee. Utafiti wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia watoto 818 wenye madhara ya awali yasiyo na dalili. Baada ya miaka 2, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliopewa sindano, na asilimia 8.2 ya wasiopewa.

Wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa, hasa wanawake wajawazito. Mimba huongeza ujazo wa damu kwa karibu nusu, na vali iliyobana, ambayo ilivumilika hapo kabla, hushindwa kuipitisha. Kuhema huko hudhaniwa kuwa pumu au upungufu wa damu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, inaweza kumpokea mama huyo. Upasuaji wa vali hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Atakayewekewa vali ya chuma atatumia dawa ya warfarini maisha yake yote, akipimwa damu mara kwa mara. Na dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mimba inayofuata hulazimika kupangwa pamoja na daktari kabla haijatungwa.