Namna Daktari Anavyousoma Ubongo Pichani

Mikumi ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hufika hapo baada ya kukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Njia moja huelekea kaskazini hadi Kilosa, nyingine hushuka kusini kupitia Kidatu hadi Ifakara na Mahenge. Malori, mabasi na bodaboda hupishana hapo usiku na mchana, na ajali haziepukiki. Aliyevunjika mguu, jeraha lake linajieleza. Aliyegonga kichwa anaweza kufika hospitali akiongea, akataja jina lake na kijiji chake, kisha saa chache baadaye akapoteza fahamu. Kilichobadilika kimo ndani ya fuvu.

Eksirei ya kawaida, matunda ya ugunduzi wa Wilhelm Röntgen wa mwaka 1895, huonyesha mfupa uliopasuka lakini si ubongo, kwa sababu tishu za ubongo huzuia mionzi kwa viwango vinavyokaribiana mno. Hatua mojawapo ya mwanzo ya kulitatua fumbo hilo ilipigwa Afrika. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, alianza kutafuta hesabu za kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kupitisha mionzi kutoka pande nyingi. Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield aliunda mashine kwa njia yake mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Mashine hiyo ndiyo CT scan. Humkata mgonjwa vipande kwa picha, si kwa kisu, na kila nukta ya picha hupewa namba. Maji ni 0, hewa ni −1,000, mfupa mgumu hufika 1,000 na kupita. Ubongo wote umebanana kati ya 20 na 45 hivi, na damu iliyoganda karibuni huwa kati ya 50 na 80. Kwa hiyo hewa huonekana nyeusi, maji ya ubongo meusi kidogo, ubongo wa kijivu, na damu mbichi nyeupe.

Msomaji wa picha huanza kwa kujua pande. Picha hutazamwa kana kwamba amesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, hivyo kulia kwa mgonjwa ni kushoto pichani. Anayesahau hilo anaweza kumwelekeza mpasuaji upande usio na tatizo. Kisha hupanda kutoka chini. Kwanza huona matundu ya hewa ya usoni na macho yenyewe. Nyuma yake shina la ubongo, linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo, na ubongo mdogo, unaotunza mizani ya mwili. Juu zaidi huja vyumba vya maji vilivyo katikati, na mwishowe mikunjo na mifereji ya ubongo mkubwa. Katikati huenda akaona doa jeupe la tezi ya pineali iliyojaa chokaa. Kwa mtu mzima hiyo ni kawaida, si damu.

Silaha yake kuu ni ulinganifu. Nusu mbili za ubongo hufanana, na mstari wa katikati hunyooka. Kinachovunja ulinganifu huo ndicho cha kuchunguzwa.

Damu nayo ina maumbo yake. Mfupa wa upande wa kichwa ukipasuka, huweza kuchana ateri iliyo chini yake. Damu hujaa kati ya fuvu na utando mgumu, ikavimba pande zake zote mbili kama lenzi na kuishia kwenye maungio ya mifupa. Mwenye damu ya aina hii huweza kuwa yule mgonjwa anayeongea kwanza kisha akazimika, na akiwahiwa mara nyingi hupona. Damu ya vena zilizo chini ya utando huo hutandaa kama mwezi mwandamo. Kwa wazee yaweza kuvuja polepole baada ya kujigonga kidogo tu, na wiki zikipita weupe wake hufifia hadi ukalingana na ubongo. Hapo asiye makini hupitwa. Mwenye uzoefu huona mifereji ya upande mmoja imefutika na mstari wa katikati umesukumwa. Ukisogea zaidi ya milimita 5, hali ni ya hatari.

CT scan ina mipaka yake. Nyuzi za ubongo zilizokatika kwa mtikisiko huweza kutoonekana kabisa. Hapo huhitajika MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio badala ya mionzi. Ukifuata njia ya kusini kutoka Mikumi utafika Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa miaka ya 1960 na kuandika kuhusu watoto wanaotikisa kichwa bila hiari. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walichapisha uchunguzi wao: MRI za baadhi ya wagonjwa wa kutikisa kichwa zilionyesha mabadiliko katika hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Ugonjwa huo unahusishwa na usubi, maradhi ya minyoo yanayoweza kupofusha, na Kilosa pia imo kwenye orodha ya maeneo ya usubi nchini. Kwa hiyo kumeza dawa ya usubi inapogawiwa ni kulinda macho, na huenda ubongo pia.

Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Tanzania ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021 ulisaidia kununua CT scan za hospitali za rufaa za mikoa. Lakini mashine haimfuati majeruhi, lazima afikishwe. Baada ya kugonga kichwa, ukiona mtu anatapika mara kwa mara, analala asiamshike, ana degedege au mboni ya jicho moja imepanuka kuliko nyingine, usingoje asubuhi. Na kwa anayepanda bodaboda, dereva na abiria: tafiti zilizokusanywa duniani zinaonyesha kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kifo kwa asilimia 42. Vaa kofia, na uifunge kamba.