Askari na Mtihani wa Chuo Kikuu: Kurudia au Kuacha?

Askari ye yote aliyewahi kupelekwa uwanja wa shabaha anajua kwamba mwalimu hamruhusu mtu kurekebisha bunduki kwa sababu ya risasi moja. Huamriwa apige tatu, au tano, kisha aende akaitazame karatasi. Matundu yakiwa yamekusanyika pamoja lakini mbali na katikati, bunduki ndiyo yenye kasoro, nayo hurekebishwa. Yakiwa yametawanyika huku na huko, kasoro imo katika pumzi na kidole cha mpigaji, na kuigeuza bunduki hakutamfaa kitu.

Nimeukumbuka uwanja huo kwa ajili ya swali linalowakosesha usingizi baadhi ya maafisa vijana wa jeshi na polisi wanaotaka kwenda kusoma shahada ya uzamili Marekani. Wamekwisha fanya mtihani wa GRE, na alama walizopata si za kuwaaibisha wala si za kuwafurahisha. Je, waurudie?

Mtihani huo si mgeni. Ulianza mwaka 1936 kama jaribio la vyuo vikuu vichache vya Marekani, na leo unaendeshwa na shirika liitwalo ETS, lenye makao yake katika jimbo la New Jersey. Tangu Septemba 2023 umefupishwa sana. Zamani ulichukua karibu saa 4. Sasa hauzidi saa 2. Una insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya lugha na maswali 27 ya hesabu. Lugha na hesabu kila moja hupewa alama kati ya 130 na 170. Mtu aweza kuurudia baada ya siku 21, na hata kuufanya mara tano katika miezi 12. Kanuni basi hazimzuii mtu. Mfuko ndio unaomzuia, kwa maana ada yake ni zaidi ya dola 200 za Marekani kila mara, na askari mwenye watoto shuleni anajua fedha hizo zina kazi ngapi nyingine.

Natuchukue mfano wa inspekta wa polisi. Amepata 151 katika lugha na 148 katika hesabu, naye anasononeka. Jambo la kwanza analopaswa kulitazama si alama hizo, bali zile alizokuwa akipata alipojipima mwenyewe kabla ya siku ile. ETS hutoa mitihani miwili ya kujaribia bila malipo, na mtu aliyeifanya kwa uaminifu, yaani kwa saa iliyowekwa na bila kufungua kitabu, ana matundu ya risasi ya kuyalinganisha. Ikiwa nyumbani alipata 152 na 149, basi mtihani umesema kweli. Kipimo cho chote hucheza kidogo. Alama za GRE nazo zaweza kupanda au kushuka kwa yapata mbili bila elimu ya mtu kubadilika. Huyu akirudia baada ya siku 21, bila kujifunza jambo jipya, atakuwa amelipa ada ili aambiwe yale yale.

Lakini ikiwa nyumbani alikuwa akipata 156 katika hesabu, habari ni nyingine. Hapo hapana budi aulize siku ile kulitokea nini. Mara nyingi kwa watu wa kazi yetu jibu halifichiki: alitoka zamu ya usiku asubuhi ile ile, akanawa uso, akaenda kuketi mbele ya kompyuta. Sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 tu, na jinsi mtahiniwa anavyoyajibu ndiyo huamua ugumu wa sehemu ya pili. Aliyesinzia mwanzoni hujifungia mlango wa alama za juu kabla hajaamka vizuri. Huyo ana haki ya kurudia, ila aombe likizo kwanza. Kurudia mtihani kwa ratiba ile ile ya zamu ni kujidanganya.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huliacha mpaka mwisho, na kwangu mimi ndilo lingetangulia yote. Je, idara anayoiomba inazitaka alama hizo? Tangu mwaka 2020 idara nyingi za vyuo vya Marekani zimeacha kuudai mtihani huu, na nyingine humwachia mwombaji aamue mwenyewe. Tena alama hazina thamani moja. Mtu mwenye 160 katika lugha amewapita watahiniwa wengi sana. Mwenye 160 katika hesabu yu karibu na katikati ya kundi tu. Anayeomba kusoma uchumi na anayeomba kusoma historia hawatazamwi kwa jicho moja.

Wapo pia wanaoogopa kwamba chuo kitajua walifanya mara mbili. Hofu hii haina msingi mkubwa, kwa kuwa ETS humruhusu mtahiniwa kuchagua alama za siku ipi zipelekwe chuoni. Kinachostahili kuogopwa ni kalenda. Matokeo rasmi huchukua siku 8 hadi 10, na idara nyingi hufunga maombi kati ya Desemba na Januari. Anayefikiria kurudia katikati ya Novemba hana muda wa kujifunza. Ana muda wa kubahatisha tu.

Basi inspekta wetu, kabla ya kulipa, aiandikie idara barua fupi akiuliza kama alama zinatakiwa na ni sehemu ipi inayoangaliwa zaidi. Akijibiwa kwamba ni hesabu, na majaribio yake ya nyumbani yanaonyesha kwamba anaweza zaidi, apeleke ombi la likizo kwa mkuu wake na kuchagua tarehe ya Septemba au Oktoba. Akijibiwa kwamba hazitakiwi, zile dola 200 na ushei azitumie kulipia ada ya maombi na nakala za matokeo yake ya chuo, na jioni zake aziweke katika kuandika ile barua ya kueleza kwa nini askari polisi anataka kurudi darasani.