Je, Wajua? Matabaka Sita ya Ubongo

Gamba la ubongo, ule utando wa kijivu uliojaa mikunjo, lina unene wa milimita 2 hadi 4 tu. Humo mmejaa seli za neva zipatazo bilioni 16.

Seli hizo zimepangwa kwa matabaka sita. Kijana akipokea pasi uwanjani Kaloleni, Nairobi, habari za macho hufikia hasa tabaka la 4. La 2 na la 3 huzisambaza kwingine katika gamba. Amri ya kupiga shuti hutoka tabaka la 5, ambako seli kubwa zenye umbo la piramidi huteremsha nyuzi zao hadi uti wa mgongo.

Elimu hii iliwahi kutumiwa vibaya mjini humo. Mwaka 1934, mwanapatholojia F. W. Vint alichapisha utafiti wa ubongo wa Waafrika 100 waliofariki, akadai gamba lao ni jembamba kuliko la Wazungu kwa asilimia 14.8. Walowezi waliotetea ubaguzi waliyashangilia madai hayo. Lakini alilinganisha na vipimo vilivyotoka Ulaya, ilhali unene wa gamba hubadilika kwa umri, maradhi na namna ubongo ulivyohifadhiwa. Wala unene peke yake haupimi akili ya mtu.

Ubaguzi huo ulipingwa hapohapo Kaloleni, anakochezea kijana wetu. Mtaa huo ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika. Aprili 1950, katika ukumbi wake, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa Waafrika na Wahindi, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki.