Kibali cha Kujenga: Ni Nani Aliyekubali?

Kila mwaka, wanafunzi wangu wa isimu wanapofikia somo la msamiati wa kazi, huwapeleka Soko la Burma. Hapo, ubavuni mwa mtaa wa Shauri Moyo, ndipo wakazi wengi wa Nairobi hununua nyama yao, nasi huenda kukusanya maneno: sarara, kidari, nundu, mbavu, na mengine ambayo hayajawahi kuingia katika kamusi yoyote. Muhula uliopita tulirudi na neno ambalo halikuwa katika orodha yetu. Neno hilo ni kibali.

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja muuza nyama, aliyekuwa ametuvumilia asubuhi nzima na maswali yetu, alimwita kando binti mmoja wa darasa langu, mzaliwa wa Faza katika kisiwa cha Pate. Akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, hatua chache kutoka kibandani pake. "Binti yangu," akasema, "wewe ni msomi. Hebu nisomee. Mimi nilidhani ni mambo ya kura." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Ilieleza kwamba mwenye ploti ya jirani ameomba kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi yake na kujenga jumba la ghorofa, na kwamba mwenye pingamizi awasilishe maandishi katika muda wa siku 14. Siku kumi zilikuwa zimekwisha pita. Katika siku hizo kumi mzee alikuwa ameipita karatasi hiyo alfajiri na jioni, na siku moja hata alitundika aproni yake kwenye msumari ulioishikilia.

Binti alipomaliza kusoma nilimsifu kwa tafsiri yake nyepesi. Akanijibu bila majivuno, "Mwalimu, kuwasomea wazee karatasi nimezoea tangu darasa la sita." Jibu hilo limenikaa rohoni kuliko maneno yote tuliyokusanya siku ile.

Sisi watu wa isimu hupenda kuchimba mizizi. Kibali na kubali ni ndugu wa damu. Yote mawili yana asili ya mzizi mmoja wa Kiarabu, na humo humo wametoka kabla, kabiliana na kibla. Kwa hiyo katika neno lenyewe mna watu wawili waliogeukiana, mmoja akaomba na mwingine akaridhia. Ndiyo maana Mswahili husema kwamba fulani ana kibali mbele ya watu, akiwa na maana kwamba watu wamempokea. Leseni, tuliyoichukua kwa Mwingereza, haina joto hilo. Leseni hushuka kutoka juu, ikalipiwa, ikapigwa mhuri. Katika ofisi zetu tunatamka kibali lakini tunatoa leseni.

Wala sheria zetu hazikukusudia hivyo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma ujenzi anaoukusudia, na tangazo hilo liwaalike watu kutoa pingamizi zao kwa serikali ya kaunti. Sheria hiyo hiyo ina kifungu ambacho mwanaisimu hawezi kukipita bila kusimama: mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, huchukuliwa kwamba ruhusa imetolewa. Yaani kimya cha afisa ni ndiyo. Naelewa shabaha yake, kwani faili zetu zina tabia ya kulala usingizi wa pono mpaka mwenyewe aje kuziamsha kwa bahasha. Lakini kuna kimya cha pili ambacho hakuna sheria inayokitaja, nacho ni cha jirani. Afisa akinyamaza, amenyamaza akiwa na maombi mezani mwake. Mzee wa Burma alinyamaza siku kumi kwa sababu aliambiwa jambo kwa lugha asiyoijua, na katika hesabu za ofisi kimya chake kingeandikwa kuwa hakuna pingamizi.

Mambo ya ardhi yakiharibika Burma, kibanda hubomolewa. Yakiharibika baharini, mamia ya nyumba hukosa kitoweo, na hilo binti wa Faza alilijua kuliko sisi sote, maana kwao ni jirani na Bandari ya Lamu. Ujenzi wa bandari hiyo, katika Ghuba ya Manda, ulizinduliwa rasmi mwezi Machi mwaka wa 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya tarehe hizo kulikuwa na kesi. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za watu wa Lamu zilikuwa zimekiukwa, zikiwamo haki ya kupata habari, haki ya utamaduni wao na haki ya mazingira safi, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa papo hapo Lamu. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyotajwa kuwa ushahidi ilikuwa imefanywa kabla ripoti yenyewe haijawa tayari. Watu walikuwa wameulizwa maoni juu ya kitu ambacho hakijaandikwa.

Bandari ni miongoni mwa miradi ambayo Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999 inaitaka ifanyiwe uchunguzi kabla ya leseni kutolewa. Kanuni zilizotungwa mwaka wa 2003 zilimwagiza mwenye mradi abandike mabango karibu na eneo la ujenzi, atangaze gazetini kwa majuma mawili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji, na aitishe mikutano isiyopungua mitatu. Zikataka pia awepo mratibu mwenye ujuzi wa kupokea na kuandika maoni, ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Niliposoma neno hilo, tafsiri, nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Mtungaji wa kanuni alijua kwamba kuna watu watakaosema kwa lugha zao. Ila alisahau upande wa pili wa mazungumzo: maoni ya mvuvi yatafsiriwe ili mtaalamu aelewe, lakini ripoti ya mtaalamu haikutajiwa mtafsiri wa kumsaidia mvuvi.

Nimeambiwa na wahandisi, watu ninaowaheshimu, kwamba ripoti hizo haziwezi kuandikwa kwa Kiswahili kwa sababu istilahi hazipo. Nathubutu kusema kwamba hawajawauliza wenye bahari. Maji yanayojaa na kutoka kwa nguvu mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Mswahili huyaita bamvua. Yale yasiyo na nguvu huyaita maji mafu. Mikoko haikungoja profesa wa mimea ndipo ipangwe kwa unene: kuna fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na kila jina linamwambia fundi mti ule utabeba nini. Watu waliojenga majumba ya ghorofa ya mawe ya matumbawe huko Pate na Lamu karne nyingi kabla ya ofisi ya mipango kuzaliwa hawakufanya kazi hiyo kwa ishara za mikono. Palipo na pengo, kama katika mambo ya kuchimba sakafu ya bahari ili meli kubwa zipite, maelezo ya sentensi moja yanatosha.

Tanzania husemwa kuwa mfano, na ni kweli kwamba huko mwananchi hupewa kibali cha ujenzi kilichoandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo tusijidanganye. Mwaka wa 2017 wakazi wa Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, walibomolewa nyumba nyingi ili barabara ipanuliwe, na waliyoyaona ukutani ni alama ya X nyekundu, ambayo haihitaji mtafsiri. Lugha haimzuii mwenye tingatinga. Kazi yake ni kumpa jirani nafasi ya kujibu kabla tingatinga halijawashwa, na kwetu hata nafasi hiyo tumeifungia katika Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema kwamba Kiswahili nacho ni lugha rasmi.

Burma yenyewe ingepaswa kutukumbusha. Inasimuliwa kwamba jina la soko lilitokana na wanajeshi wa Kiafrika waliopigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, watu ambao amri za vita, za kuua na za kufa, walizipokea kwa Kiswahili bila yeyote kulalamika kwamba istilahi hazipo. Na mtaa wa jirani, Shauri Moyo, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani kilichobomolewa. Wazee husema jina lake lina maana kwamba kuhama au kubaki ni shauri la moyo wako. Shauri, msomaji mpenzi, ni neno la watu walioketi wakashauriana. Mtu akiachiwa ashauriane na moyo wake peke yake, ni kwa sababu wenye uamuzi walikuwa wamekwisha maliza.

Turudi kwa mzee. Tuliketi kwenye mabenchi ya mchuzi, wanafunzi sita na mimi, tukamwandikia barua ya Kiswahili sanifu. Hakupinga jumba, alitaka tu kujua kama njia ya mikokoteni itazibwa, maji machafu yataelekezwa wapi, na vibanda vitahamishwa kwa notisi ya muda gani. Siku ya kumi na mbili nilimsindikiza ofisini, ambako karani kijana, mwenye adabu kabisa, alituomba tukalete nakala ya Kiingereza. Nikamtajia Katiba. Akacheka, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akakaa huko robo saa, akarudi na mhuri.

Majuzi nilipita tena kununua sarara. Jibu lilikuwa bado halijaja, na karatasi ya ukutani ilikuwa imekwisha chanwa na mvua. Mzee akatoa nakala ya barua yetu chini ya mizani, imetiwa doa la mafuta pembeni, akaweka kidole juu ya neno la Kiingereza lililomo ndani ya mhuri na kuniuliza lina maana gani. Nikamwambia ni "imepokewa."

"Imepokewa," akarudia. "Sasa hiyo, mwalimu, ni kukubali au ni kupokea tu?"